Kona Isiyo na Taulo

Mume wangu alimpata Mungu kwa kumng'oa mchungaji meno. Sitii chumvi. Nilikuwepo, nimesimama ng'ambo ya barabara na ndoo yangu ya mayai ya kuchemsha, na niliona konde lile kuanzia lilipotoka begani mpaka lilipofika.

Siku hizo alikuwa mlinzi wa mlango kwenye baa moja karibu na stendi, na watu walimwita Nyundo. Kazi yake ilikuwa kupiga. Mlevi asiyetaka kutoka alipigwa, na aliyetoka akirudi kuchukua kofia aliyoisahau alipigwa vilevile. Mchungaji wetu, wakati huo kijana mwembamba mwenye shati moja na kipaza sauti cha betri, alikuja akasimama mbele ya mlango ule akaanza kuhubiri. Wateja wakacheka. Mwenye baa akanyoosha kidole. Nyundo akashuka ngazi, akamtandika konde la mdomo, mtu wa Mungu akakaa kwenye vumbi. Akatema meno mawili kiganjani, akayapangusa, akayatia mfuko wa shati, akainuka na kuendelea na sentensi yake pale pale ilipokatikia. Haki ya Mungu, hakurudia hata neno! Damu inamchuruzika mpaka kwenye kola, naye anahubiri tu.

Nyundo alirudi mlangoni lakini kazi ikamshinda. Kesho yake alimtafuta yule mchungaji akambebea kipaza sauti. Kuomba radhi hakujua, alijua kubeba. Akabeba mtaa kwa mtaa, mpaka siku moja akakiweka chini na kupiga magoti mbele ya watu wote waliokuwa wanamwogopa. Mimi nilimkubali baadaye sana, baada ya kumchunguza vya kutosha. Mikono kama ile huendi kuishi nayo nyumba moja kwa pupa.

Nyuma ya kanisa kulikuwa na stoo ya viti vibovu. Aliisafisha, akatundika mifuko ya mchanga, akafunga kamba nne kuwa ulingo, akaenda stendi kuwakusanya wale vijana waliokuwa wanachanana kwa chupa. "Mnataka kupigana?" akawaambia. "Njooni mpigane kwa kengele." Hapo ndipo jina la Nyundo lilipokufa, akawa Kocha. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimefanya kazi zahanati, chumba cha kufunga vidonda, nikawa mtu wa kona. Bondia akichanika nyusi nakandamiza pamba, nampaka mafuta ya mgando, napunguza uvimbe wa jicho kwa chuma kilicholala kwenye barafu. Wakaniita Mama Pamba. Nimeitwa mabaya zaidi.

Miaka ile ya mwanzo, jamani, mtu yule alizaa matunda. Watu wakisema kanisani kwamba fulani anazaa matunda, mimi sikuhitaji kuelezwa, nilikuwa nayaona kwangu. Alfajiri alikuwa anakwenda stoo peke yake kabla ya yeyote, anageuza ndoo, anakaa juu yake, anakaa na Mungu wake. Sijui walikuwa wanazungumza nini. Ninachojua ni kwamba alikuwa anarudi amepoa. Kulikuwa na mmoja tukimwita Wembe, aliyekuwa amemchana mwenzake uso kwa chupa. Kocha akamkamata ukosi, akampeleka kwa yule aliyechanwa, akamshikisha beseni mimi nikisafisha kidonda. Yule majeruhi akamtemea Wembe mate usoni. Wembe akataka kumrukia, Kocha akamkanyaga mguu kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka, akamnong'oneza, "Shika beseni vizuri, maji yanamwagika." Tulikwenda hivyo mpaka kidonda kikafunga. Baadaye wale wawili walikuwa wanakaa benchi moja Jumapili.

Na pale kona, kati ya raundi na raundi, alikuwa anaweka kiganja kichwani kwa bondia anasema, "Bwana, mlinde huyu, mlinde na yule." Basi. Halafu kengele.

Sasa nije kwa mdogo wangu. Ni kitinda mimba wa kwetu, mama alimwacha mdogo nikamlea mimi, nikaolewa naye mkononi. Tulimwita Kimya kwa sababu ukimwuliza jambo Jumatatu anakujibu Alhamisi. Ni seremala. Milango yote ya nyumba yetu ni yake, na kiti changu cha jikoni pia. Kocha alimpenda kama wa tumbo moja. "Shemeji huyu," alikuwa akiniambia, "ana mkono wa seremala. Hapigi, anapigilia." Na kweli, Kimya alipoanza kupanda ulingoni watu walikuwa wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Alimvunja mmoja mbavu kwa konde nililolisikia kutoka kona, kavu, tko! Mwingine alimlaza akiwa bado amesimama. Yule jamaa alipepesuka hatua kadhaa hajui kwamba ameshazimika.

Na kila Kimya aliposhinda, mchungaji alipanda ulingoni na kipaza sauti. Watu walikuwa wamepagawa kwa furaha. Ukiwaambia waje mbele kumpokea Bwana, wanakuja. Wengine walikuja na chupa mkononi. Mchungaji aliwahesabu akalia kwa furaha, akamwita Kocha madhabahuni: "Mnamwona huyu? Huyu ndiye mti uzaao!" Kanisa zima likasimama kupiga makofi. Mimi nikamtazama mume wangu, nikaona kichwa kinavimba hapo hapo.

Ile ndoo ya stoo ikawa ya kusimamishia bendera. Alfajiri hakwenda tena, alikuwa amechoka, jana yake alikuwa na kikao. Kwa akina mama wa wale vijana hakukanyaga tena. Ukimwambia fulani hajaonekana siku nyingi, anakujibu, "Wapo wengi." Nyumbani akarudia zile sauti za baa. Siku moja nilimwuliza, kwa upole kabisa, na mimi upole nauazima, lini mara ya mwisho alikaa na Mungu bila kipaza sauti. Alinyanyuka akaupiga mlango teke, ukatoka na bawaba zake. Nikamwambia, "Ukinigusa mimi, huo mdomo nitaushona kwa uzi ule ule ninaoshonea mabondia wako." Alitoka nje. Kesho yake Kimya alikuja na bisibisi, akaurudisha mlango wake, wala hakuuliza umefanya nini.

Kisha Kocha akala kiapo. Ilikuwa Jumapili, baada ya ushindi mwingine, kanisa limechemka. Kocha akashika kipaza sauti akasema kwamba kuanzia leo kona yetu haina taulo. Kila mwenye bondia anajua, taulo jeupe likirushwa ulingoni pambano limekwisha, mtu wako amesalimu amri. "Sisi hatusalimu amri!" akapaza sauti. "Tuna imani!" Watu wakaruka juu ya mabenchi. Jumatatu akayakusanya mataulo yetu yote meupe akawapa wanawake wa usafi wapigie deki. Nilisema. Nilisema sana. Nikaambiwa nina roho ya woga.

Na ile sala ya kona ikaanza kurefuka. Ilikuwa inakula dakika nzima ya mapumziko, bondia anahema, damu inaingia jichoni, Kocha amefumba macho anahubiri kwa sauti ili watu wa viti vya nyuma wasikie. Kanisani kwetu mtu akiomba, haingiliwi. Ni desturi tuliyokuwa nayo tangu mwanzo na tulijivunia. Siku moja kiti kilivunjika katikati ya maombi, mzee wa kanisa akaenda chini kishindo kizima, akabaki pale pale sakafuni, macho amefumba, mpaka amina. Hatukucheka hata mmoja. Kwa hiyo kona yetu nzima ilikuwa inafumba macho, isipokuwa mimi, kwa sababu pamba haijipeleki yenyewe kwenye kidonda.

Lilipokuja pambano la mkanda wa ubingwa, maandalizi yake yalikuwa makubwa kuliko harusi. Mpinzani alikuwa mwashi, mtu wa matofali, mfupi, mpana, shingo hana. Mchungaji alikuwa ameshapanga mkutano wa injili wa siku tatu kuanzia pale pale ulingoni Kimya akishinda. Kwaya ilikuwa imeshona sare.

Wiki ile Kimya alifanya mazoezi na Kocha mwenyewe. Nilikuwa mlangoni mwa stoo nakunja bandeji. Kocha alikuwa anampiga kama anamdai, kichwa, kichwa, mbavu, kichwa, akimfokea, "Inua mikono! Unalala?" Konde moja lilimpata nyuma ya sikio, Kimya akakaa. Akainuka, akaenda pembeni, akatapika. Aliporudi alisema maneno mengi kuliko kawaida yake.

"Shemeji, kichwa kinauma. Tangu juzi. Naona vitu viwili viwili."

"Huyo ni adui anakujaribu," Kocha akamjibu. "Vaa glovu."

"Mtoto anakwambia kichwa kinamuuma!" nikaingia kati. "Tumpeleke hospitali, pambano lisogezwe."

"Mke wangu, watu wangapi wanasubiri kuokolewa siku ile? Unajua?"

"Mimi najua mmoja tu anayetapika."

Kimya akanishika bega. "Niache, dada," akasema. Alikuwa anataka ule mkanda, sikatai, lakini zaidi alikuwa anataka kumpa Kocha, aliyemlea pamoja nami. Akavaa glovu. Nikatoka nje nikalia kwa hasira, maana nilikuwa nawapenda wote wawili na kwa saa ile ningeweza kuwapiga mawe wote wawili.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana, ukumbi umefurika, joto la kukosesha pumzi. Kimya alianza vizuri. Alimpasua mwashi mdomo, akampasua nyusi, akamsukuma kwenye kamba akampigilia mbavu mpaka yule mtu akawa anaguna kila pigo. Vijana wetu wa kanisa, Wembe mbele yao, walikuwa wanapiga mayowe, "Mmalize! Muue!" Muue, jamani, na sare za kwaya. Lakini mwashi alikuwa mtu wa kubeba mizigo, hakuanguka. Raundi zilivyosonga akaanza kurudisha, na alikuwa anarudisha sehemu moja: nyuma ya sikio, pale pale. Nilimwona Kimya miguu ikichelewa. Akapigwa, akacheka peke yake. Akapigwa tena, akageukia kona isiyo yetu, refa akamwelekeza.

Alipokaa kwenye kigoda nilimpa chupa ya maji. Mkono wake ukapita pembeni ya chupa, ukashika hewa. Nikamwinua kidevu nikamtazama macho. Mboni moja ndogo, nyingine imefunguka kubwa nyeusi. Nilifanya kazi zahanati, niliwahi kuwaona watu wa ajali wenye macho yale, na niliona walikopelekwa.

"Kocha," nikasema. "Mtazame."

Kiganja kilikuwa kichwani kwa Kimya, macho yamefumbwa. "Ee Bwana wa majeshi, leo katika ukumbi huu..."

"Kocha! Fumbua macho! Anakufa!"

"...adui zako watajua..."

Refa alikuja, na yeye ni mtu wa kanisa, akakuta maombi, akasimama akainamisha kichwa. Mchungaji chini ya kamba amefumba macho. Msaidizi aliyeshika ndoo amefumba macho. Mdogo wangu anakufa katikati ya watu wanaoomba na hakuna anayemtazama! Nikakusanya nguvu zote nilizonazo nikamzaba mume wangu kofi. Siyo kofi la kumwamsha mtu, kofi la kumtoa roho. Ukumbi mzima ulilisikia. Akafumbua macho yamewaka, ngumi imeshakunjwa, na kwa nukta moja nilimwona Nyundo wa mlango wa baa mbele yangu.

"Nipige," nikamwambia. "Ukimaliza, mtazame huyo."

Akamtazama. Uso ukamshuka. Lakini kengele ikawa imelia, na Kimya, ambaye kengele ndiyo kitu pekee alichokuwa bado anakielewa, ameshainuka, ameshaingia katikati, mikono iko chini.

Mwashi akampata taya. Akampata tena sikio. Kimya hakuanguka, alisimama tu anapigwa, kichwa kinakwenda huku na huku. Mume wangu alipapasa begani kwake kutafuta taulo. Akapapasa kamba. Akaangalia ndani ya ndoo. Nilimwona anatafuta, na sitasahau mikono ile ilivyokuwa inatafuta kitu ilichokuwa imekitoa kwa deki. Halafu akapita katikati ya kamba akakimbia, akamkumbatia Kimya na kumfunika kwa mgongo wake. Konde la mwashi lililokuwa limeshatoka lilimpata yeye puani alipogeuka, nikasikia mfupa. Hakumwachia shemeji yake. Wakashuka chini wote wawili.

Refa akapunga mikono: tumeondolewa, maana mtu wa kona haingii ulingoni raundi ikiendelea. Kisha chupa ya kwanza ikaja.

Ilitoka upande wetu. Hilo nataka liandikwe vizuri. Watu wetu, wale tuliokuwa tumewahesabu, walivunja viti wakapanda ulingoni. Wembe alimpiga refa mguu wa kiti mgongoni, refa akaanguka kifudifudi, wengine wakamshukia kwa mateke mbavuni wakipiga kelele kwamba ameuza pambano. Kijana mwenye sare ya kwaya alimng'ata mzee mmoja mkono. Mchungaji alikuwa anapaza sauti kwenye kipaza sauti, "Wapendwa! Wapendwa!" mpaka mtu akakata waya. Nilikuwa nimelala juu ya kichwa cha Kimya nikikikinga na vioo. Na unajua nani alitusaidia? Mwashi. Alivua glovu kwa meno, akamwambia mume wangu, "Shika miguu," yeye akashika mabega, wakamtoa mdogo wangu katikati ya waumini wetu kama watu wanaotoa kabati kwenye nyumba inayoungua. Kocha damu imemjaa mdomoni. Mlangoni aligeuka, akaangalia ulingo, akamwona Wembe amenyanyua tena ule mguu wa kiti. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

Hospitalini walimfungua Kimya kichwa jioni ile ile, wakatoa damu iliyoganda. Daktari hakutuficha: ataishi, lakini mkono wa kushoto umekufa, huenda ukarudi, huenda usirudi. Seremala wa mkono mmoja! Nani anashika ubao, nani anapiga randa?

Nilimgeukia mume wangu pale koridoni. "Nakuchukia," nikamwambia. Sikuwa natania wala sikuwa nimechanganyikiwa. Ilikuwa kweli.

"Najua," akasema.

Mchungaji alikuja siku chache baadaye, amekonda. Akakaa benchi la wodi akazungusha kofia yake. "Kocha, watu wamevunjika moyo. Nusu hawaji. Tufanye kitu. Tuwaambie ilikuwa vita ya kiroho, tupange upya."

Kocha alikuwa na bandeji puani, sauti inamtokea kwa ndani. "Mchungaji, wale waliompiga refa, mimi ndiye niliyewaleta. Niliwafundisha kushangilia. Upole sikuwafundisha, ningewapa wapi? Mimi mwenyewe ulikuwa umeshaniishia siku nyingi. Nilikuwa mti mkavu, nafunga matunda ya dukani kwa uzi, nyinyi mnapiga makofi."

"Lakini waliokoka..."

"Wengine, ndiyo, kwa rehema zake. Refa yuko wodi ya pili, mbavu zimevunjika. Umemwona?"

Mchungaji aliinuka. Akavua koti akaliacha kwenye benchi, akaenda wodi ya pili. Kesho yake Kocha alimfuata Wembe nyumbani kwao, akamleta kwa refa, akamshikisha beseni. Wembe aliyamwaga maji yakamlowesha viatu, akarudi na siku iliyofuata, akarudi tena. Wengine wa wale vijana Kocha aliwafuata wakamfungia mlango. Mmoja alimfungulia mbwa.

Kwa Kimya ndiko alikopata joto ya jiwe. Kuna mtu alikuwa amempelekea maneno kwamba kwa pointi alikuwa anaongoza. Alipopata sauti, neno lake la kwanza kwa mume wangu lilikuwa, "Nani alikutuma uingie?" La pili hakulisema. Kocha akamlisha uji, akautema kwenye shati lake. Kocha akajifuta, akachota kijiko kingine. Alimwosha, alimgeuza, alimbadilishia shuka, na ule mkono mfu alikuwa anaunyanyua, anaukunja, anaunyoosha, kidole kimoja kimoja, kama daktari alivyomwelekeza, na Kimya amegeuzia uso ukutani. Nilikuwa nasubiri achoke. Namjua, hasira zake ziko karibu. Mara moja niliona mshipa wa shingo umesimama, nikasema haya, sasa. Akauweka mkono wa Kimya taratibu juu ya shuka, akatoka koridoni, akasimama ameegemea ukuta midomo inacheza. Nilimchungulia. Hakuwa amefumba macho. Akarudi, akaendelea na kidole alichokuwa ameishia. Hapo ndipo chuki yangu ilipoanza kulegea, bila idhini yangu.

Asubuhi moja alikuwa amekaa kitandani upande wa kulia, ameushika mkono mzima wa Kimya, anamkata kucha. Mimi nilikuwa namenya chungwa. Akaanza kusema bila kuinua macho.

"Shemeji, uliniambia kichwa kinauma. Uliniambia unaona viwili viwili. Nikakwambia ni adui anakujaribu." Akakata kucha moja. "Adui nilikuwa mimi. Nilijua. Kuna mahali ndani nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka makofi ya watu."

Kimya akageuza uso kutoka ukutani. Niliona damu inapanda shingoni mpaka kwenye mishono ya kichwa.

"Ulijua?" akasema.

"Nilijua."

"Ulijua ukanivalisha glovu?"

"Ndiyo."

Alijaribu kuuchomoa mkono wa kulia ampige. Umeshikwa, na mkasi uko kwenye kidole. Akanguruma, mwili mzima ukapinda kwa hasira, na kitu kikaja kutoka upande wa pili wa kitanda, kinayumba, kikapita juu ya kifua chake na kutua usoni kwa mume wangu. Konde lenyewe lisingeangusha kuku. Lakini pua ilikuwa bado haijapona, ikafumuka, damu ikaruka mpaka kwenye chungwa langu.

Hatukusogea, wote watatu. Mume wangu alikuwa anautazama ule mkono wa kushoto umelala kwenye mapaja yake, ngumi bado imekunjwa. Nikachukua pamba kwa mazoea, akanizuia kwa kiwiko. Machozi yalikuwa yanamtoka, yanachanganyika na damu kidevuni, na alikuwa anacheka. Akasogeza uso wake karibu.

"Na huo huo, shemeji," akasema. "Tafadhali. Nipige tena kwa mkono huo huo."

Kimya aliutazama mkono wake. Akaanza kulia kwa sauti kubwa, akaunyanyua, akampiga tena.